Barua kwa Mhariri: Maneno “walikosa hewa” yanatupotosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie maneno mawili ambayo gazeti lako, kama yalivyo magazeti na redio nyingi za hapa Uganda, huyatumia kila mara watu wanapokutwa wamekufa chumbani pamoja na sigiri ya mkaa. Habari hizo zinafanana mno. Majirani waliona mlango haujafunguliwa hadi saa nne asubuhi, wakamwita mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), mlango ukavunjwa, na polisi wanaamini kwamba marehemu “walikosa hewa”. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai sigiri huingizwa ndani kama mgeni wa heshima. Kila nisomapo maneno hayo najua kwamba msomaji amepewa sababu isiyo ya kweli, na kwamba akiiamini sababu hiyo atajikinga kwa njia isiyomkinga.

Tazama anavyoelewa mtu aliyeambiwa kwamba wenzake walikosa hewa. Hufikiri kwamba moto ulikula hewa ya chumba mpaka ikaisha, wakafa kama waliofungiwa sandukuni. Basi yeye ataacha upenyo wa vidole viwili dirishani, alale akiwa na amani. Au atafikiri kwamba kilichowaziba pumzi ni moshi, hivyo ataiacha sigiri uani mpaka mkaa ushike wote, uwe mwekundu na usitoe moshi hata kidogo, ndipo aiingize. Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu ni wakati gani sigiri ni salama kuingizwa ndani, na karibu darasa zima likajibu kwa pamoja: ikishamaliza moshi. Hawakulitunga jibu hilo wenyewe, walilipata kwa wazazi wao, nami nililipata kwa wangu.

Kinachoua ni kaboni monoksaidi. Ni gesi ambayo kila molekuli yake ina atomu moja ya kaboni na atomu moja ya oksijeni, zilizoshikana kwa vifungo vitatu vyenye nguvu ya kipekee. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, haiwashi macho wala kukereketa koo. Uzito wa molekuli yake ni 28, na wastani wa hewa tunayovuta ni 29 hivi, kwa hiyo haitulii sakafuni wala haikusanyiki darini. Huchanganyika na hewa ya chumba chote, na aliyelala kitanda cha juu na aliyelala kwenye mkeka wanaivuta sawasawa. Kiswahili nacho kimetuongezea utata kidogo hapa, kwa sababu jina “hewa ukaa”, ambalo vitabu vingi hulitumia kwa kaboni dayoksaidi, linasikika kana kwamba ndilo jina la kile kinachotoka kwenye makaa na kuua. Kaboni dayoksaidi ni ile tunayoitoa puani kila tunapopumua, na ndiyo inayochemka katika chupa ya soda. Tofauti kati ya gesi hizo mbili ni atomu moja tu ya oksijeni, lakini kwa mwili wa binadamu ni tofauti kubwa kupindukia.

Kwamba si upungufu wa hewa unaoua, hilo linaweza kuonyeshwa kwa hesabu ambayo huwa naifanya ubaoni. Tuchukue chumba cha kupanga cha aina ile ambayo watu wa Kampala huita muzigo, chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Kina mita za ujazo 22.5 za hewa, na ndani ya hewa hiyo mna kilo 5 na ushei za oksijeni. Robo kilo ya mkaa ikiungua yote hutumia nusu kilo hivi ya oksijeni. Yaani hata kama chumba kingezibwa kabisa, oksijeni ingeshuka kutoka sehemu 21 katika mia hadi karibu sehemu 19. Hakuna anayekufa kwa upungufu huo. Wapanda milima wanaofika kilele cha Margherita huko Rwenzori, mita 5,109, huvuta hewa ambayo oksijeni yake inakaribia nusu tu ya ile ya pwani, na ingawa vichwa huwauma na miguu kuwa mizito, hupanda na kushuka wenyewe.

Sasa tuupime upande wa pili. Kilo moja ya mkaa katika sigiri ya kawaida hutoa zaidi ya gramu 100 za kaboni monoksaidi, kwa hiyo robo kilo yetu itatoa gramu 25 kwa uchache. Gramu 25, uzito wa vijiko sita hivi vya chai vya sukari, zikienea katika chumba kile hufanya zaidi ya miligramu 1,100 katika kila mita ya ujazo, au kwa kipimo kingine, karibu sehemu 1,000 katika kila sehemu milioni za hewa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asikae katika zaidi ya miligramu 100 kwa muda wa dakika 15, wala zaidi ya 35 kwa saa moja. Chumba chetu kimepita mpaka huo mara kumi na zaidi, na wenyewe wamejifunika blanketi wakisubiri asubuhi. Ni kweli kwamba chumba halisi huvuja hewa hapa na pale, lakini ni kweli pia kwamba watu hutia mkaa zaidi ya robo kilo.

Kwa nini sehemu moja tu katika elfu iwe na nguvu ya kuua? Jibu limo katika damu. Himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake, hubeba oksijeni kutoka mapafuni kwa kuishika kwenye chembe za madini ya chuma zilizo ndani yake, kisha huiachia inapofika kwenye ubongo, moyo na misuli. Kaboni monoksaidi hukaa mahali palepale pa oksijeni, na himoglobini huing’ang’ania kwa nguvu mara 200 na zaidi. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue mara 210. Oksijeni ni sehemu 210,000 katika milioni ya hewa, na sehemu 1,000 za sumu mara 210 ni 210,000 vilevile. Mizani imelingana. Maana yake ni kwamba aliyelala muda wa kutosha katika hewa hiyo atakuwa na nusu ya himoglobini yake imeshikwa na abiria asiyeshuka, na hata ile nusu iliyobaki huharibika tabia, kwa kuwa himoglobini iliyokwisha kushika sumu kwenye kiti kimoja huibana oksijeni iliyo kwenye viti vingine na kukataa kuiachia inapohitajika. Mapafu yanapanda na kushuka kama kawaida, hewa ipo, oksijeni ipo, lakini ubongo haupati kitu.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mfaransa Claude Bernard alionyesha katikati ya karne ya 19 kwamba gesi hii huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mwingereza John Scott Haldane aliivuta yeye mwenyewe kwa vipimo mwaka 1895, akiandika jinsi miguu inavyolegea na akili inavyofifia, na ndiye aliyependekeza wachimbaji wa makaa ya mawe washuke na ndege au panya wadogo, kwa sababu mnyama mdogo hupumua haraka na kuanguka kabla ya mtu. Ndege hao walitumika katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986. Sisi tunao pia ndege wetu, ingawa hatujawahi kuwasikiliza. Wafugaji wa kuku hapa nchini huwapasha vifaranga joto kwa chungu cha mkaa katika banda lililozungushiwa maturubai, na si mara moja nimemsikia mfugaji akilalamika kwamba vifaranga wake wamekufa kwa usiku mmoja bila ugonjwa wowote, akalaumu chakula au chanjo. Katika banda hilohilo wakati mwingine hulala kijana wa kuwalinda.

Nirudi kwenye sigiri, kwa maana hapo ndipo imani ya “ikishamaliza moshi” inapovunjika. Hewa huingia kupitia mlango wa chini. Hapo chini oksijeni ni tele, na kaboni huungua vizuri ikawa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo hupanda ikapita katikati ya makaa mekundu yaliyo juu yake, na pale joto linapozidi nyuzi 700 hivi za sentigredi, makaa huinyang’anya atomu moja ya oksijeni: molekuli moja ya kaboni dayoksaidi na atomu moja ya kaboni hugeuka kuwa molekuli mbili za kaboni monoksaidi. Kwa hiyo kadiri makaa yanavyokuwa mengi na mekundu, ndivyo kiwanda hicho kidogo kinavyofanya kazi vizuri zaidi. Moshi tunaouogopa hutokana na maji, lami na mabaki ya kuni ambayo hayakuungua vyema mkaa ulipochomwa. Unaisha mapema, na ukiwapo humkohoza mtu na kumwamsha. Sumu huanza kutoka kwa wingi wakati moshi umekwisha na kila mtu amesharidhika.

Wasomaji wako wote wameiona gesi hii kwa macho bila kujua, ingawa nimesema haina rangi. Vile vimiali vya buluu vinavyocheza juu ya makaa usiku ndiyo kaboni monoksaidi yenyewe, ikikutana na hewa safi juu ya sigiri na kuungua. Miali ya buluu ikiwapo, sehemu ya sumu inateketea pale pale. Sasa fikiria mama anayetaka moto ufike alfajiri, akafunga mlango mdogo wa chini na kuyafunika makaa kwa majivu. Miali inazimika kwa sababu juu hakuna joto la kutosha kuwasha gesi, lakini ndani ya majivu makaa yanaendelea kupata hewa kidogo na kutoa sumu polepole usiku kucha. Ile sura ya moto uliolala, ambayo sote tuliiona salama utotoni, ndiyo ninayoiogopa kuliko zote.

Mimi mwenyewe nilinusurika, na ndiyo maana pengine naandika kwa ukali kuliko inavyompasa mwalimu. Nikiwa mwanafunzi tulipanga chumba watu wanne, tukapika maharage jioni ya baridi, mvua ikaanza, tukaiingiza sigiri na kuziba kwa gunia yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Usiku niliamka kichwa kinapiga kama kinu, nikitaka kutapika, na nilipojaribu kusimama miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Sikuwa na hofu yoyote, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo: akili ilikuwa imetulia kabisa, ikiniambia nilale tena. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akienda msalani alianguka juu ya mlango, ukafunguka. Asubuhi tulikwenda kwenye zahanati moja ambako tuliambiwa sote wanne tuna malaria, tukapewa dawa, na hakuna aliyetuuliza tulilala na nini. Kilichotuponya ni mlango ule.

Siwalaumu sana wauguzi, kwa kuwa dalili zinadanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, kuchanganyikiwa. Katika nchi yetu, mwenye dalili hizo huanza kutibiwa malaria hata kabla hajaketi. Zipo alama mbili za kutofautisha ambazo hazihitaji maabara. Sumu hii kwa kawaida haileti homa, na huwashika watu wa nyumba moja kwa pamoja, kisha wakitoka nje hupata nafuu na wakirudi ndani huugua tena. Mbu hawezi kuwauma watu wanne wakaugua saa ileile. Tena nitaje kifaa kile kidogo kinachobana kidole, ambacho tulikizoea wakati wa korona: kwa mtu aliyevuta kaboni monoksaidi kinaweza kuonyesha oksijeni 98 au 99 katika mia, kwa sababu mwanga wake hauwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu. Muuguzi asiyelijua hilo humrudisha mgonjwa nyumbani, kwenye chumba kilekile.

Na hapa neno “kukosa hewa” linadhuru tena, safari hii kwenye matibabu. Ikiwa mtu alikosa hewa tu, basi akitolewa nje akavuta hewa mambo yamekwisha. Lakini aliyevuta kaboni monoksaidi ametoka nje akiwa bado ameibeba ndani ya damu. Akivuta hewa ya kawaida, huchukua saa 4 hadi 5 kwa sumu hiyo kupungua nusu tu, kisha muda mwingine kama huo kupungua nusu ya iliyobaki. Akipewa oksijeni tupu kwa barakoa inayobana vizuri, muda huo hushuka hadi saa moja na nusu hivi, na katika vyumba maalumu vya oksijeni yenye shinikizo kubwa hushuka hadi nusu saa au pungufu. Mitungi ya oksijeni iliongezeka katika hospitali zetu baada ya korona, kwa hiyo dawa ya sumu hii tunayo. Tunachokosa ni mtu wa kusema pale mapokezi kwamba mgonjwa alilala na sigiri. Badala yake jamaa humnywesha maziwa. Maziwa hayaifikii gesi iliyoshikamana na chuma ndani ya damu, na kumnywesha mtu aliyezimia ni kumtafutia kifo cha pili kwa kupaliwa. Nimesikia pia wanaoweka beseni la maji kando ya sigiri ili “linyonye” sumu. Kaboni monoksaidi haiyeyuki katika maji ila kwa kiasi kidogo mno, na beseni hilo litafaa kunawia asubuhi, wakiamka.

Mzazi aliyejifungua nitamtaja peke yake. Katika nyumba nyingi za huku milimani mama na mtoto mchanga huwekwa chumba cha ndani pamoja na sigiri, na wanaofanya hivyo ni bibi wenye mapenzi na uzoefu. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo huijaza damu yake mapema. Mjamzito naye ana hatari ya pekee, kwa kuwa himoglobini ya mtoto aliye tumboni huishika sumu hii kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko ya mama, hata mama anaweza kuzinduka akaonekana mzima na mtoto akawa amekwisha kudhurika.

Mkaa si chanzo pekee. Umeme ukikatika, wenye maduka huwasha jenereta za petroli koridoni au kwenye stoo ya nyuma, na gesi inayotoka kwenye bomba la jenereta ndogo ina kaboni monoksaidi nyingi mno kwa nafasi iliyofungwa. Hata mlango ukiwa wazi haifai. Gari linaloachwa likinguruma ndani ya gereji ni hivyohivyo, hasa kama mafundi wamekiondoa kile kifaa kwenye ekzosi kinachogeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi, ambacho huuzwa kwa ajili ya platinamu iliyomo.

Haitakuwa haki nikiisema gesi hii kwa ubaya tu, kwa sababu bila yake tusingekuwa na jembe. Abaheesi, yaani wahunzi wa eneo letu hili la Kigezi, na wenzao wa Bunyoro waliosifika kwa chuma chao, walijenga tanuru za udongo, wakapanga mawe ya chuma na mkaa, wakapuliza kwa mivukuto. Mawe hayo, kama yale yaliyojaa Muko hapa jirani katika wilaya ya Rubanda, ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Kaboni monoksaidi iliyozaliwa ndani ya mkaa, kwa njia ileile ya sigiri, ilipenya kwenye mawe, ikainyakua oksijeni na kuacha chuma. Tanuru kubwa za leo zinafanya kazi hiyohiyo. Kwa mhunzi hufaa kwa sababu huinyakua oksijeni; katika damu huua kwa tabia nyingine, kwa kuwa hupenda sana kushikamana na metali. Ludwig Mond na wenzake walitangaza mwaka 1890 kwamba hushikamana hata na nikeli, ikaigeuza kuwa mvuke kwenye joto la nyuzi 50 hivi, mvuke ambao ukipashwa zaidi ya nyuzi 200 huachia nikeli safi kabisa; nikeli nyingi imesafishwa kwa njia hiyo. Viwanda huiunganisha na hidrojeni kupata methanoli, huitumia kutengeneza asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki, na Afrika Kusini imekuwa ikitengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe kupitia gesi hii tangu miaka ya 1950. Hata mwili wetu huizalisha kwa kiasi kidogo sana himoglobini kuukuu inapovunjwa. Lakini katika viwanda hivyo mfanyakazi hutembea na kipimo kifuani, na king’ora hulia gesi ikizidi. Chumbani kwetu hakuna kipimo, na king’ora cha moshi, hata kwa wachache walio nacho, hakiitambui gesi hii.

Najua jibu nitakalopewa, kwamba mwalimu anaweza kusema kwa kuwa ana mshahara wa kununua umeme. Sina. Nyumbani kwangu tunapika kwa mkaa kama karibu kila jirani, na sigiri yangu iko chini ya bati lililo wazi pande tatu. Baridi tunaipunguza kwa chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuingizwa chini ya blanketi dakika kumi kabla ya kulala. Yale matundu juu ya dirisha tumeyawekea wavu wa mbu, hatujayaziba kwa gunia. Mvua inayomlazimisha mtu kupikia ndani ikija, mlango na dirisha vyote hubaki wazi mpaka chakula kiive, na moto hutolewa nje pamoja na majivu yake kabla ya yeyote kulala, hata kama umebaki makaa matatu.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mwandishi wako akifika kwenye msiba wa namna hii aulize sigiri ilikuwa wapi, matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa au la, na waliookolewa walipewa nini hospitalini, kisha polisi wakimwambia “walikosa hewa” asiyanukuu maneno hayo peke yake. Aandike kwamba inaaminika waliuawa na kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye makaa hata yasiyo na moshi. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko ile ya zamani, na nafasi ya gazeti ni ghali, lakini watangazaji wa redio za huku wanaosoma magazeti kila asubuhi wataitafsiri kwa Rukiga neno kwa neno, kama wanavyoitafsiri sasa ile ya kukosa hewa, na ndiyo itakayosikika majikoni.

Wako,
Mwalimu wa kemia, shule ya sekondari,
Kabale